Kujifunza kuchomelea peke yako: tazama dimbwi, kisha vunja mshono

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimenunua inveta ndogo ya kuchomelea iliyoandikwa ampea 200, kofia yenye kioo kinachojitia giza chenyewe, na pakiti ya vijiti vya milimita 2.5 vilivyoandikwa E6013. Sina wa kunifundisha. Sasa ni wiki ya pili. Kijiti kinaganda karibu kila ninapogusa chuma, na kikiwaka kinaacha madonge madonge. Nilipojaribu bomba la mraba jembamba nilitoboa matundu tu. Nia yangu ni kujitengenezea geti na fremu za madirisha. Je, mashine ni mbovu? Na kweli mtu anaweza kujifunza kazi hii peke yake, au ninamaliza vijiti bure?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mashine. Inveta yenye hitilafu kwa kawaida haiwashi kabisa, au hujizima katikati ya kazi, au huwasha taa ya onyo na kukataa kuendelea. Yako inawasha kijiti, inakigandisha, na ikikutana na bomba jembamba inalitoboa. Hiyo ni mashine nzima. Kinachotafutwa hapo ni jicho na mkono, na hivyo hupatikana kwa kuchoma vijiti.

Kujifunza peke yako kunawezekana, na nimewaona waliofika mbali kwa njia hiyo. Ila fanya hesabu hii kabla hujajihukumu. Kijiti cha milimita 2.5 kikiwaka mfululizo huisha kwa takriban dakika moja. Kama katika wiki hizi mbili umechoma vijiti 40, basi muda wote uliowahi kutazama chuma kikiyeyuka haujafika hata saa moja. Nani amejua kushona suruali kwa saa moja ya cherehani?

Upungufu wa kweli wa anayejifunza bila mwalimu uko kwingine. Hana mtu wa kusimama begani kwake na kumwambia, "Hapa hujashika." Mshono unaweza kulala vizuri, ukang'aa, ukapakwa rangi, kumbe vipande viwili vya chini havijaungana, vimefunikwa tu. Kwa macho huwezi kulijua hilo. Kwa hiyo nitakueleza namna ya kuvunja kazi yako mwenyewe, maana kipande kilichovunjwa ndicho kitakachokaa mahali pa huyo mwalimu. Lakini kwanza mwili wako, na naomba usiruke sehemu hii.

Kofia inayojitia giza humfaa sana anayeanza, kwa kuwa unaona ncha ya kijiti ilipo kabla ya kuiwasha. Ukichomelea kwa ampea 80 hadi 175, giza linalofaa ni namba 10. Chini ya ampea 80, namba 9 inatosha na utaona vizuri zaidi. Wengi huiweka namba 13 wakidhani giza likizidi usalama nao unazidi, halafu hawaoni kitu na wanabaki kupapasa. Hakikisha pia kola au mkono wako haukingi vile vijicho vidogo vya mbele vinavyohisi mwanga, na betri ina nguvu.

Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno inayounguza uso wa jicho kama jua linavyounguza ngozi. Ubaya wake ni kwamba husikii lolote wakati ule. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, aghalabu usiku: macho yanachuruzika machozi, na kila ukipepesa unahisi mchanga ndani. Mimi yalinipata siku nilipokuwa nashikiza vipande kwa haraka, nikawa nafumba macho tu badala ya kushusha kofia. Usiku ule sikulala. Kwa kawaida hali hiyo hupoa ndani ya siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au ukianza kuona ukungu, nenda hospitali. Na mtoto anayesimama mlangoni kukutazama ana macho yaleyale kama yako. Weka pazia la kukinga mwanga, au mwondoe kabisa.

Vaa nguo za pamba nzito au ngozi, mikono mirefu, kola imefungwa. Nailoni na polista huyeyuka na kugandamana na ngozi. Glavu ziwe za ngozi na ziwe kavu. Mashine yako, kabla kijiti hakijawaka, hukaa na volti kati ya 60 na 80 pale kwenye kishikio. Kwa mtu mkavu aliyevaa viatu vizuri hizo hazisumbui sana, lakini kwa mtu aliyeloa jasho, amepiga magoti juu ya bamba la chuma, glavu zimelowana, zinaweza kuua. Mvua ikianza, zima.

Moshi nao. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chomelea nje, au penye mlango na dirisha wazi. Upepo ukupite ubavuni, na kichwa chako kisikae juu ya ule mkanda wa moshi unaopanda. Chuma kilichopakwa zinki kina hatari yake ya pekee: zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, kwa hiyo zinki yote iliyo jirani na mshono inageuka mvuke mbele ya pua yako kabla chuma hakijayeyuka. Ukiivuta, saa chache baadaye unatetemeka kwa baridi na homa. Ikwangue kwa grinda sentimita chache kila upande, ukiwa umevaa barakoa. Usisafishe chuma kwa dawa za kuondolea grisi zenye klorini kisha ukachomelea, kwa kuwa mvuke wake ukipigwa na joto na miale ile hutoa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu kali. Na pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta usiliguse kabisa, hata kama limekaa tupu miaka. Mabaki kidogo yaliyojificha kwenye mikunjo yanatosha kulilipua.

Sasa tuingie kazini.

Geuza mashine yako utazame kibati chake cha nyuma. Mbali na zile ampea 200 zilizoandikwa kwa rangi kubwa, utaona asilimia fulani karibu na namba za ampea. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa kipindi cha dakika 10. Ikisema asilimia 30 kwa ampea 160, maana yake ukiiweka ampea 160 ichomelee dakika 3, ipumzike 7. Mashine nyingi ndogo haziwezi kutoa ile namba kubwa ya mbele kwa muda wa maana, na wewe huihitaji: kijiti chako cha milimita 2.5 kinataka ampea 60 hadi 90 hivi, na hapo mashine itafanya kazi bila kuchoka. Angalia zaidi waya unaoiletea umeme. Waya wa nyongeza mwembamba na mrefu, hasa ukiachwa umeviringwa kwenye gurudumu lake, hupunguza volti na hupata moto. Kijiti kitakuwa kinagandaganda nawe utailaumu mashine. Tumia waya mnene na mfupi, na uunyooshe wote.

Bomba jembamba liweke kando kwa sasa. Tafuta mabaki ya bamba la chuma cha kawaida lenye unene wa milimita 5 au 6. Chuma kinene kinasamehe: kinabeba joto, hakitoboki, kinakupa nafasi ya kukosea polepole. Kisugue kwa grinda mpaka king'ae, pale utakapochomelea na pale utakapobana kile kibanio cha kurudishia umeme, ambacho mafundi hukiita ethi. Kibanio kilichobanwa juu ya rangi au kutu ni chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoletewa. Vijiti vyako viwe vikavu. Vikiwa na unyevu husikika vikipwitapwita na mshono hutoka na vitundu. Weka ampea 80.

Kijiti kuganda kuna sababu mbili kubwa: ampea zimepungua, au unasita. Ncha ikigusa chuma na kutulia hapo, umeme unapita bila kuruka, ncha inayeyuka kidogo na kushikana na chuma papo hapo. Kwa hiyo usidonoe kwa woga. Ikwaruze kama unavyowasha njiti ya kiberiti, mwendo mmoja mwepesi wa mkono, na mara mwanga unapotoka inua kidogo tu, kisha rudisha karibu. Washa mbele kidogo ya mahali mshono unapoanzia, juu ya njia utakayoipitia, ili zile alama za kukwaruza ziyeyuke ndani ya mshono. Kikiganda, kizungushe kwa nguvu upande. Kikikataa, kifungulie kitoke kwenye kishikio, kofia ikiwa bado imeshuka, kwa sababu kinapoachia hutoa mwanga. Leo jioni fanya kuwasha tu: washa, hesabu mpaka tatu, zima, mara hamsini. Inachosha, lakini baada ya hapo kuganda hakutakusumbua tena sana.

Kinachofuata ndicho kigumu, na ndicho kilichokupa madonge. Kijiti kinapungua urefu kadiri kinavyowaka. Maana yake mkono wako unafanya safari mbili kwa wakati mmoja: unasogea kufuata mstari, na unashuka kukifuata kijiti kinavyoisha. Anayeanza hufanya ile ya kwanza na kusahau ya pili. Pengo kati ya ncha na chuma linakua, umeme unaruka mbali zaidi, joto linatawanyika, matone yanadondoka ovyo badala ya kuingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Donge ni tone lililotua juu ya chuma baridi. Pengo hilo, ambalo tunaliita urefu wa tao, lisizidi unene wa waya wa ndani wa kijiti: kwako ni milimita 2.5, na kwa E6013 unaweza hata kukiacha kitambae kikigusa kwa ganda lake bila kuganda. Masikio yatakusaidia. Pengo likiwa sawa utasikia sauti ya mafuta yanayokaanga kitu, kavu na ya mfululizo. Likikua, sauti inakuwa ya kuvuma na kukatikakatika, na cheche zinaruka mbali.

Ili mkono ushuke bila kutetemeka, usichomelee ukiwa umesimama mkono hewani. Keti, egemeza kiwiko mezani au gotini, shika kishikio kwa mkono mmoja na mkono wa pili uushike ule wa kwanza kwenye kifundo. Kabla ya kuwasha, pitisha kijiti juu ya njia nzima kikiwa kimezimwa, uone kama kuna mahali waya unakuvuta au bega linakwama. Mimi hufanya hivyo mpaka leo. Kilaze kijiti kidogo kuelekea unakokwenda, nyuzi 10 hadi 20 hivi kutoka wima, ili ncha iangalie nyuma na kuusukuma moto kwenye mshono uliouacha nyuma. Ukiburuta hivyo, ule uchafu wa ganda lililoyeyuka unabaki nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka utulie nami, kwa kuwa hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukitazama kupitia kioo, jicho la mgeni huvutwa na ule mwanga mkali wa ncha. Uache. Tazama nyuma yake kidogo: kuna dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka, na nyuma ya dimbwi kuna ukingo wa mviringo linapogandia. Ukingo huo ndio mshono wako ukizaliwa. Dimbwi likiwa pana kuliko unavyotaka, ongeza mwendo. Likiwa jembamba, punguza. Kwa kijiti chako, upana wa mshono uwe mara mbili hadi tatu ya unene wa waya wake, yaani kati ya milimita 5 na 8. Mkono ufuate dimbwi. Usiuendeshe kwa kuhesabu sekunde wala kwa kukisia.

E6013 ina tabia moja inayowapotosha wengi, na karibu kila anayejifundisha inamkuta: uchafu wake ukiyeyuka ni mwepesi na mwingi, hivyo hupenda kukimbilia mbele na kulifunika dimbwi. Unadhani unaona chuma, kumbe unaona gamba, yaani uchafu huo. Ukiendelea, gamba linafungiwa ndani ya mshono na pale chuma hakikushika. Utavitofautisha kwa tabia zao. Chuma hutulia, hujaza mahali na kufuata kingo. Gamba huogelea juu yake, hutembea na kukunjamana kama utando wa maziwa ya moto. Likikupita, fupisha pengo, laza kijiti zaidi kidogo, ongeza ampea 5, au inua upande wa bamba unakoelekea ili gamba lishuke nyuma. Jifunze hili mapema. Nimekutana na watu wenye miaka kazini ambao bado wanalifuata gamba wakidhani ni dimbwi.

Kwa majaribio, chora mistari ya chaki juu ya bamba, na ubadilishe jambo moja tu kila mstari. Mstari wa kwanza ampea 60, unaofuata 70, kisha 80, 90, 100, mwendo na pengo vilevile, na uandike namba pembeni. Gonga gamba, piga brashi ya waya, utazame. Huo wa ampea chache utakuwa mwembamba na umeinuka, umekaa juu ya bamba kama kamba iliyodondoshwa. Huo wa ampea nyingi utakuwa bapa, cheche zimetapakaa, kando yake pamechimbika kijifereji, na pengine kijiti kimekuwa chekundu kabla hakijaisha. Katikati yake kuna mmoja uliolala, kingo zake zimeungana na bamba bila kona kali. Namba hiyo ndiyo ya mashine yako, hata kama pakiti ya vijiti inasema tofauti kidogo, maana alama za vidude vya mashine ndogo si za kuaminiwa sana. Kisha rudia kwa mwendo: makunyanzi ya juu ya mshono yakichongoka kama ncha ya mshale umekimbia, yakiwa ya mviringo umekwenda sawa. Mistari ikinyooka, ipange ubavu kwa ubavu, kila mmoja ukilalia theluthi ya ule wa kabla, mpaka bamba lote lifunikwe. Pakiti nzima iishie hapo, na usiihesabu kuwa hasara.

Halafu uvunje.

Chukua vipande viwili vya milimita 5 au 6, urefu wa kama sentimita 10, kimoja ukisimamishe wima juu ya kingine kama herufi T iliyopinduliwa. Shikiza ncha mbili, kisha chomelea upande mmoja tu. Kijiti kielekee kwenye kona, nyuzi 45 kati ya vipande viwili, na moto ugawanywe sawa. Kikipoa chenyewe, kibane kwenye jiliwa, upige nyundo kile cha wima kilalie upande ule wenye mshono, ili kona ya ndani ifunguke. Piga mpaka uvunjike au ulale kabisa.

Sasa soma ulichokifungua. Ukiona ile kona ya vipande bado ina ukingo wake mkali wa asili, umenyooka kama ulivyokatwa, basi hapo hukushika. Chuma cha kijiti kilipita juu yake kama daraja. Madoa meusi yenye kung'aa kama kioo ni gamba lililofungiwa. Vitundu ni unyevu, rangi, mafuta au pengo refu. Unachokitaka ni chuma cha kijivu kilichochanika urefu wote, na kona ile imemezwa haionekani. Kipande changu cha kwanza cha namna hii kilivunjika kwa pigo moja, na mshono wake ulikuwa mzuri kuliko yote niliyofanya mwezi ule. Niliumia, lakini toka siku hiyo sijauamini uzuri wa juu. Vunja kila kipande cha tano au cha sita, andika ampea ulizotumia, na usihamie hatua nyingine mpaka vitatu mfululizo vimetoka na kona iliyomezwa.

Baada ya hapo ndipo turudi kwenye bomba lako. Bomba la ukuta wa milimita 1.5 halina pa kupeleka joto, ndiyo maana linatoboka. Tumia kijiti cha milimita 2, ampea 40 hadi 55, na ukiweza uwekee kishikio upande wa hasi, kwa sababu E6013 inakubali pande zote mbili na upande huo hupenya kwa juujuu zaidi. Usijaribu mstari mrefu. Washa, jaza sentimita moja, zima, subiri wekundu ufifie, endelea. Bamba nene la shaba au alumini likibanwa nyuma ya mshono hunyonya joto, na kijiti hakishikani nalo. Lakini dawa kubwa iko kwenye kukata. Pengo la milimita 2 kati ya mabomba membamba halijazwi na anayeanza, anaishia kuchoma kingo na kulipanua. Kata nyuzi 45 sawasawa, piga tupa, vipande vigusane pote, ndipo uwashe.

Na fremu zitakupinda. Chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa, na kinavuta jirani zake. Ukichomelea kona moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine, fremu itakuwa imekaa mshazari na hutaweza kuirudisha. Shikiza kona zote nne kwanza, kwa vidonge vidogo, juu ya mahali palipo sawa. Pima kona kwa kona, mshazari mmoja na wa pili. Vipimo vikilingana fremu imekaa mraba. Visipolingana, gonga taratibu irudi, ni vidonge tu vinavyoishika. Ndipo uchomelee, ukiruka kutoka kona moja hadi iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo, huku ukipima.

Neno kuhusu grinda, kwa kuwa utaishika muda mrefu kuliko kishikio. Usiondoe kinga yake. Diski ya milimita 115 kwa kawaida huandikwa mizunguko isiyozidi 13,300 kwa dakika, ile ya milimita 230 karibu 6,600. Anayetoa kinga ili aingize diski kubwa kwenye grinda ndogo anaizungusha karibu maradufu ya inavyoruhusiwa, nayo hupasuka usoni mwake. Vaa miwani hata chini ya kofia. Ukimaliza kazi ya siku, kaa pale nusu saa au zaidi ukinusa na kutazama, hasa kama kuna maranda, magunia au nyasi karibu, kwa kuwa cheche inaweza kujificha ikaja kuwaka umeshaondoka.

Kuhusu geti, nitasema wazi. Fremu za madirisha zitengeneze ukishafaulu kuvunja vipande vyako vitatu. Geti libaki la mwisho. Geti ni zito, na mshono wa bawaba ukikatika linaangukia mtu, mara nyingi mtoto anayelisukuma. Lichomelee mwenyewe, lakini bawaba zake ziwe kwenye chuma kinene, zizungushwe mshono kadiri inavyowezekana, na umwite fundi mzoefu aziangalie kabla hujalisimamisha. Hapo ndipo kujifunza peke yako kunapokomea kwa sasa. Ngazi, kibaraza cha juu, ndoano ya kuinulia mzigo, trela, usukani, tangi la hewa, hivyo vyote viache mpaka kazi yako imekaguliwa na anayejua. Hata E7018, aina nyingine ya kijiti ambayo wengi watakushawishi uikimbilie kwa kuwa ni imara zaidi, ngoja kwanza. Hiyo hutaka kutunzwa ikiwa kavu kwenye tanuri na pengo fupi zaidi, na mkono ambao haujakomaa utaiharibu. Namba ile 60 kwenye kijiti chako ina maana kwamba chuma chake hubeba angalau paundi 60,000 kwa inchi ya mraba kabla ya kukatika, karibu megapaskali 414. Kwa dirisha lako hiyo inatosha na kubaki, mradi kimeshika.

Anza na kuwasha mara hamsini, kisha mistari ya ampea. Ukiniandikia tena, nitumie picha ya mahali ulipovunja, na namba ya ampea uliyoiandika pembeni kwa chaki. Nitaweza kukusaidia zaidi kwa hiyo kuliko kwa picha ya mshono mzima.